Siku Baba Alipoutafuta Mpaka

Gari la kukodi lina harufu yake. Gari la mtu hunuka mwenyewe: mafuta ya nywele, viatu vya watoto, ndizi iliyosahauliwa chini ya kiti. La kukodi hunuka sabuni ya limau na plastiki, na kwa mbali sigara ya mtu aliyekatazwa kuvuta. Wiki iliyopita nilichukua moja hapa Sundbyberg, Uswidi, kwa safari ya kikazi. Nilipofungua mlango tu, kabla hata sijaketi, nikamwona baba yangu kwenye usukani, amevaa suti, mgongo wima, anautafuta mpaka wa Ubelgiji.

Ngoja nikusimulie vizuri.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Bredäng, kitongoji cha Stockholm, watatu tu: mimi, baba na mama. Baba ni Mganda. Alikimbia kwao akiwa kijana, akakaa Nairobi miaka mingi kabla ya kuletwa Uswidi. Mama ni wa Bukavu, Kongo. Walikutana Stockholm kwenye darasa la Kiswidi, na kwa kuwa mama hakujua Kiganda wala baba Kifaransa, wakapendana kwa Kiswahili, kila mmoja akikicheka cha mwenzake. Mimi nilikisikia chote nikajibu kwa Kiswidi, jambo lililomkera mama kila siku ya Mungu.

Mama alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake mkubwa, aliyeishi Liège, Ubelgiji. Mimi nilimjua mama mkubwa kwa sauti ya simu. Walikuwa hawajaonana tangu watoke Bukavu, kabla sijazaliwa. Karatasi za mama mkubwa zilikuwa bado, hangeweza kutoka Ubelgiji. Mama naye alikuwa akiingoja pasipoti ya Uswidi. Siku ilipofika aliibusu kama mtoto mchanga, na jioni hiyohiyo akamwambia baba atafute gari la kukodi.

Sasa, baba na mipaka. Baba yangu ni mtu wa utani. Kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, vikongwe wa Kiswidi walikuwa wakigombania zamu zake. Lakini ukimtajia mpaka, utani wote ulimtoka. "Mpakani mtu hupita akiwa amenyoa," alikuwa akisema, na kabla ya safari ile alinyoa mara mbili. Suti yake ilining'inia dirishani nyuma, upande wangu, ikinipigapiga usoni kutoka Stockholm hadi Malmö. Hapo akasimama kwenye kituo cha mafuta, akaivaa, akafunga tai.

Kwenye daraja la kwenda Denmark palikuwa na kibanda cha kulipia. Dada wa kibandani alitaka malipo ya daraja, basi. Baba akalipa, kisha akampa pasipoti zetu tatu. Maskini yule dada hakujua azifanye nini. Akazifungua kwa adabu, akatutazama mmoja mmoja, akazirudisha, akatutakia safari njema. Baba akaondoa gari taratibu, kifua mbele. "Mmeona?" akasema. "Tumeingia kwa heshima." Kwenye feri ya kwenda Ujerumani mkata tiketi naye alikabidhiwa pasipoti, akazitazama, akatikisa kichwa kukubali. Baba akavua tai. Tukalala Hamburg kwa rafiki yake, na asubuhi tukaendelea, mama akiimba nyimbo za kanisani na kunipa sambusa baridi kutoka kwenye bakuli lililokuwa mapajani mwake. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Karibu na Aachen, mji wa mwisho wa Ujerumani, baba akavaa tai tena. Akapunguza mwendo mpaka malori yakaanza kutupigia honi. Alikuwa akitafuta kibanda, kizuizi, bendera, askari, chochote. Mara likapita bango dogo la buluu lenye nyota za njano, na mabango yaliyofuata yakawa ya Kifaransa. Mama akapiga makofi. "Tumefika! Tuko mu Belgique! Asante Yesu!"

Baba hakupiga makofi. Niliiona shingo yake kwa nyuma, imelowa jasho. Akatoka kwenye barabara kuu kwa njia ya kwanza aliyoiona, akageuza gari.

"Papa Neema, unarudi wapi?" mama akauliza.

"Hatujaingia. Hakuna aliyetuona."

"Yaya anatungoja!" Kwao yaya ni dada mkubwa. "Amepika tangu asubuhi!"

"Mama Neema, siku ya kutoka watatuuliza tuliingilia wapi. Nitajibu nini? Tusipompata afisa, tunarudi Ujerumani tukaulize polisi. Sitampeleka mtoto wangu mahali ambapo hatujaingia."

"Hakuna mutu wa kutusimamisha," mama akasema polepole, "na wewe unatafuta mutu wa kutusimamisha?"

Nikaingilia kwa Kiswidi kwamba mwalimu wetu alisema Ulaya haina mipaka tena, watu hupita tu. Baba akanijibu kwamba mwalimu wangu hajawahi kukamatwa. Mama akageukia dirisha. Alipokuwa na hasira, mama alisema sana, alipoumia, alinyamaza. Pale alilikumbatia bakuli lake, nami nikaogopa kwamba kweli tutarudi na ile sauti ya kwenye simu itabaki kuwa sauti tu.

Baba alifuata barabara ya zamani kando ya mashamba yenye ng'ombe hadi akaliona alilolitaka: nyumba ndefu yenye paa lililochomoza juu ya barabara, na ukutani maandishi ya forodha yaliyofifia. Akashusha pumzi. Akanishika mkono, akabeba pasipoti, tukaingia. Ndani palinuka mafuta ya moto. Mwanamke mnene aliyevaa aproni alikuwa anakaanga chipsi.

Baba akamsalimia kwa Kiingereza kama anavyosalimiwa balozi. Akaeleza kwamba tumetoka Stockholm, tunakwenda Liège kwa ndugu, na tunaomba kuandikishwa. Yule mwanamke akaacha kukaanga. Akasema maafisa wa forodha waliondoka zamani, yeye amepanga jengo, na mezani pao sasa ndipo anapowekea mayonezi.

"Basi nani anajua kwamba tumeingia?" baba akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua nguvu.

Yule mwanamke akamtazama: tai, pasipoti, mimi. Hakucheka. Mpaka leo namshukuru kwa kutocheka. "Mimi," akasema. "Nimewaona. Kila anayepita hapa namwona. Watoto wako wangapi?"

"Huyu mmoja."

"Na yule pale nje?"

Tukageuka. Kupitia dirishani tukamwona mama. Alikuwa ameshuka garini bila mkoba, bila koti. Kando ya barabara palikuwa na jiwe jeupe la mpaka. Mama alilipita, akaenda hatua chache Ujerumani, akageuka, akarudi Ubelgiji. Akageuka tena. Alitembea hivyo, mikono mitupu, huku na huku, uso wake umetulia. Mimi nilidhani ananyoosha miguu.

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akavua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. "Ni mke wangu," akamwambia yule mwanamke. "Tunachelewa."

Tuliondoka na mfuko wa chipsi tuliopewa bure, na baba akaendesha kwa kasi ambayo sikuijua kwake. Mama mkubwa alikuwa amesimama barabarani nje ya jengo lake, kwenye manyunyu, hana mwavuli. Sitaeleza walivyokumbatiana. Nitasema tu kwamba baba alikaa kwenye ngazi, akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka machozi, nami nikacheka naye.

Habari za baba alinipa mwenyewe nilipokuwa mkubwa. Aliingia Kenya kwa miguu, kichakani, na kwa miaka yote ya Nairobi kila askari aliyemkamata alimuuliza swali moja: uliingilia wapi, nani alikuona? Hakuwa na jibu, na kwa kukosa jibu alilala rumande zaidi ya mara moja.

Habari za mama alinipa mama mkubwa, mwaka juzi, jikoni kwake Liège, tukimenya viazi. Walikimbia Bukavu pamoja, wameshikana mikono, hadi kwenye daraja la kuvukia kwenda Rwanda. Askari akawatenganisha. Huyu apite, huyu arudi. Mama alisukumwa mbele, na kila alipotaka kumgeukia dada yake aliwekewa bunduki begani. Alivuka daraja lile bila kugeuka.

Nilikiacha kisu. Nikamwona mama yangu kwenye barabara ya chipsi, mikono mitupu, akilipita jiwe, anageuka, anarudi, anageuka tena, na hakuna hata mtu mmoja duniani wa kumwambia asigeuke.