Sufuria ya Kanisa na Maji ya Majivu

"Usiniambie majivu yangu yana meno," Kemuma alisema. "Nimeyachuja miaka sitini na hayajamuuma mtu."

"Mtu hapana, Magokoro. Sufuria."

Mjukuu wake Phanice, wa kidato cha tatu, ambaye humwita bibi yake Magokoro, aliinua sufuria kubwa ya kanisa juani. Chini palikuwa na kitundu kimoja, chembamba kama tundu la sindano, na alumini kandokando yake imechubuka kama uso wa aliyeugua ndui.

Ekerenyo nzima humjua Kemuma kwa magadi yake. Huchoma maganda makavu ya ndizi, akatia majivu katika chungu kilichotobolewa chini, akamwagia maji. Yanayodondoka, mekundu kama chai ya rangi, ndiyo hulainisha mboga ya chinsaga mpaka ikasahau uchungu wake. Mwenyewe husema aliwahi kutia kijiko kimoja katika nyama ya fahali mzee wa Nyansiongo, pembe zikapinda. Kwa magadi hayo kanisa limemwachia mwiko wa kupikia waumini makambini miaka kumi na minne, ingawa shule aliingia mara moja tu, akimfukuza mbuzi.

Ijumaa, chungu chake cha kukingia kikapasuka. Jua lilikuwa linazama, Sabato hiyo inabisha, akakingia magadi katika sufuria ya kuazima na kuifunika. Siku ya Sabato hata kumwaga ni kazi. Lakini magadi hayajabatizwa. Yalifanya kazi usiku na mchana.

Na leo Jumapili Gladys, kiongozi wa akina mama anayetunza vyombo vya kanisa, anaijia sufuria yake. Akikiona kitundu, mwiko utakwenda kwa Nyakerario, ambaye mboga zake humezwa kwa maombi.

"Alumini huvaa ngozi nyembamba," Phanice alisema. "Hewa ndiyo humvisha. Magadi yakamvua. Akibaki uchi, anatoa elektroni zake tatu za nje, haidrojeni ya kwenye maji inatoka mapovu, na yeye anayeyukia humo humo."

"Zote tatu?"

"Zote."

"Kama marehemu babu yako Ogoti. Alivuliwa koti tu na mjane wa Keumbu, ng'ombe watatu wakaenda." Kemuma alisonya. "Na huyo aliye ndani ya majivu?"

"Potasiamu. Ana elektroni moja tu ya nje, na hiyo hakai nayo. Alishaitoa zamani."

"Maskini mkarimu. Angekuwa mzee wa kanisa." Akafikiri kidogo. "Basi nitamwambia Gladys sufuria yake ilivuliwa nguo siku ya Sabato, na mimi nilikuwa kanisani."

"Atauliza nani aliivua."

"Majivu."

"Majivu ya nani?"

Kemuma aliutazama mwiko uliotundikwa nyuma ya mlango. Mpini ulikuwa umelika kwa umbo la kiganja chake; kwa kiganja cha Nyakerario ungepwaya.

"Nikikiziba kitundu kwa ugali?"

"Itavuja."

"Hata ugali wa wimbi?"

"Magokoro, sema tu ukweli. Sema ni wewe uli—"

"Bwana asifiwe hapa," Gladys alisema, mguu mmoja tayari ndani.

Sufuria ilikuwa imeshafudikizwa sakafuni, na Kemuma ameketi juu yake, sketi imetandazwa pande zote.