Simu za Wakubwa Ulizipokea Mbele Yetu

Bado napiga namba yako, Kabula, nikitegemea utapokea unigombeze. Jana tumekuzika kwenu Tinde na akili yangu imekataa.

Kwa wasiomjua: Kabula alikuwa mpelelezi mwenzangu wa kesi za rushwa hapa Shinyanga. Tulianza kazi pamoja, tukapanga nyumba moja mtaa wa Kambarage. Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza, na leo sioni sababu ya kuuficha.

Tukienda field kwenye machimbo ya Geita, wachimbaji waliacha kazi kuja kumsalimia kwa Kisukuma. Mimi naulizwa kama ni dereva wake.

Ikaja kesi ya kiongozi mmoja aliyedaiwa kuwapora wachimbaji mashimo yao na kuwagawia jamaa zake. Kwa kesi za namna hiyo tunajua kinachofuata: simu kutoka juu. Kawaida mtu anatoka nje kuipokea, akirudi anasema faili lisubiri kwanza.

Kabula hakutoka. Aliweka simu mezani, akawasha spika, akasema kwa adabu zote: "Shikamoo mheshimiwa. Niko na wenzangu wote hapa, tunakusikiliza."

Kisha mheshimiwa akasema alikuwa anatusalimia tu. Tukaitikia ofisi nzima.

Alifanya hivyo kwa kila mkubwa aliyepiga, mpaka simu zikakoma. Akatishiwa uhamisho. Cheo chake kikampita, kikaja kwangu. Siku napongezwa, yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, na hilo nalo lilinichoma.

Jana wachimbaji walikuja lori zima. Sijawahi kuona mpelelezi akililiwa vile. Nimesimama mbele ya jeneza lako, nawaza mimi atanililia nani. Wivu hauna aibu.

Mama mmoja anayeponda mawe ya dhahabu alimfuata bosi wetu. "Kabula ameondoka. Faili letu sasa atalishika nani? Au ndiyo limekufa naye?"

Bosi akanionyesha mimi.

Mama akaniangalia kuanzia viatu mpaka usoni. "Huyu?" Akarudi kwa wenzake.

Ningekirudisha hiki cheo leo hii ili mama yule aniangalie kama alivyokuwa akikuangalia wewe.

Kesho naenda Geita kumtafuta. Nitakaa naye palepale anapoponda mawe, nianze upya kusikiliza.

Lala salama, dada yangu. Ila ujue, nafasi yako naitaka.