Kopo ya mama wa Mugunga na ile gari yenye kitanda ndani

Wakuu, salamu kutoka Goma. Hii niliiona na macho yangu, na kosa nililifanya na mdomo wangu huu huu mubaya. Mwenye atasema ni uongo aje Mabanga, aulize Muhindo fundi.

Swahili yangu ni ya huku. Musianze kunisahihisha hata sijafika katikati.

Bon.

Miaka ile kambi ya Mugunga ilikuwa imejaa mupaka barabarani. Vita ilikuwa upande wa Masisi, watu wanashuka kila siku na magodoro kichwani. Na mvua! Siku tatu mbingu haikufunga mdomo.

Katikati ya hiyo yote wanaingia wazungu wawili wazee na gari-nyumba. Motorhome. Muzee Anton na bibi yake Greta. Wamekata nchi sijui ngapi, wanatembea tu.

Miye sikusoma mécanique. Nilijifunza kwa kufungua vitu vya watu na kuviharibu. Niliwatengenezea wipers, na kaka yangu Kasereka, mulinzi wa kiwanja ya parokia kwenye walilala, akaniambia: "Enda nao mupaka Sake, uwarudishe. Ukiwaacha njiani usinijue tena."

Nikakubali. Na miye nikishakubali mutu, ni wangu.

Ile gari, wakuu! Kitanda. Jiko. Sahani zimefungiwa kwenye kabati zisianguke. Choo! Tukisimama tu, vichwa vinajaa dirishani. Papa mumoja akaniuliza: "Choo iko ndani, nyumba inatembea. Ile vitu inabakia wapi?"

Nikamuambia: "Papa, inakuja kwako."

Tulicheka, lakini swali lake lilinikaa kichwani. Nikaenda kulala chini ya gari kuangalia. Kuna tanki. Sasa munajua.

Tatizo, dirisha ya juu ilikuwa inavuja. Kwenye soko tulipata shitingi tu, ile plastiki nyeupe yenye kufunikaka vibanda vya kambi. Nikaifunga juu na kamba. Hiyo shitingi muikumbuke.

Tulipita kambi kidogo tu, tukakuta camion, lori kubwa ya maharagi, imelala katikati ya barabara. Tukageuka. Nyuma maji ya mlima ilikuwa imeshakata njia. Tukateleza kwenye matope, tukashuka kusukuma, na Mama Greta naye akashuka, na miaka yake yote ile! Alilowa mupaka mifupa. Moteur, injini yenyewe, ikameza maji, ikakufa. Gaz ya jiko ilikuwa imeisha tangu asubui.

Ilikuwa kama saa nane mchana. Godoro imelowa, tumeisimamisha mulangoni. Watu wa kambi wamekuja kuangalia, maswali huku na huku, na miye damu imepanda.

"Hapa siyo cinéma!"

Mama mumoja mwembamba hakusikia. Amejifunika kitenge, ameficha kitu chini yake, anakuja moja kwa moja.

"Karibuni," akasema. "Mumetoka wapi? Nani amewafukuza?"

Nikaona anatucheka.

"Mama, toka hapa! Hatuna kitu ya kukupa!"

Akaangalia shitingi. Akaangalia godoro. Akaangalia Mama Greta.

"Mutoto wangu, sikukuja kuomba."

"Nimesema toka!"

Akaenda. Hakunitukana. Angenitukana leo ningelala vizuri.

Haikupita muda, Mama Greta akaanza kutetemeka. Meno yanagongana, midomo imegeuka rangi. Blanketi zote maji. Muzee Anton alikuwa na maneno ya Swahili labda kumi, lakini moja alikuwa nayo:

"Moto, Muhindo. Moto."

Moto wapi? Kibiriti yangu ilikuwa imekuwa uji. Kuni za nje zote zinatoa maji. Nikaona huyu mama atanifia mikononi, na Kasereka nitamuambia nini?

Nikakimbia kambini. Hodi kibanda ya kwanza.

"Moto ya wageni iko kwa Mama Furaha," papa wa pale akaniambia. "Yeye anapokeaka wenye kufika. Kibanda ya tatu."

Nikafika kibanda ya tatu.

Ni yeye.

Mbele yake kopo ya maziwa ya unga, imetobolewa matundu pembeni, makaa inawaka ndani. Ndiyo kitu alikuwa ameficha chini ya kitenge.

Wakuu, kumbe pale ni desturi. Mutu akifika na mvua hana kuni kavu, donc waliomutangulia wanamuletea moto. Kabla ya kuuliza jina. Yule mama aliona shitingi, godoro, wazee wamelowa, akatuhesabu na sisi wakimbizi. Na miye nikamufukuza.

"Mama, ile makali yangu..."

"Nani mugonjwa? Ni yule koko, ule mama muzee?" akanikata.

"Ndiyo."

"Twende. Makali utanieleza njiani."

Tulivuta shitingi pembeni ya gari, tukaweka moto inje chini yake, tukachemsha maji. Tukajaza chupa, akazifunga na kitenge yake ingine, ile moja tu yenye ilibakia kavu, akaziweka kifuani na miguuni kwa koko. Chai ya sukari, kijiko kwa kijiko. Alimusugua mikono mupaka meno yakanyamaza. Muzee Anton alilia mbele yetu sisi wote.

Sasa Mama Furaha akanigeukia: "Muulize. Nani aliwafukuza kwao?"

Nikauliza. Nikatafsiri: "Hakuna mutu, mama. Wako na nyumba ya mawe kwao. Wanapenda tu kuona."

Akazunguka ndani ya gari. Akaangalia kabati, akafungua robinet ya maji, akafunga. Kisha akacheka akishika tumbo.

"Eh Yezu! Kuna batu banatoka kwao bila kukimbizwa! Na hii mvua!"

Alipomaliza kucheka akasema polepole: "Miye nilitembea siku ine. Hakuna kitu nilitaka kuona."

Hiyo sikuitafsiri.

Kesho yake camion ilitolewa, nikakausha moteur. Nikamurudishia kopo. Akakataa.

"Hiyo hairudiaka nyuma. Utapelekea mwenye atafika baada yenu."

Miaka ikapita. Vita ikashuka tena, kambi ikamwagika yote mjini. Siku moja ya mvua familia moja ilikaa kwenye ukuta wa jirani yetu Mabanga, na godoro yao. Nikatia makaa kwenye kopo, nikaenda. Baba yao akasimama, macho mekundu:

"Tuache! Hatuna kitu!"

Wakuu, ile hasira niliijua. Ilikuwa yangu.

Nikamuambia: "Papa, sikukuja kuomba." Nikaweka kopo chini.

Mama Furaha nimemutafuta kati ya wote waliofika. Mupaka leo sijamuona.

Miye nilichojifunza: mutu akikukaribia na mvua, ngoja kwanza uone ameshika nini. Mdomo utautumia kisha.

Na ninyi, huko kwenu mutu akifika amelowa, munamutangulizia nini? Niambieni, nitasoma zote. Wa kutukana pia, nimezoea.