Shangazi Upendo Afundisha Kugawana

Tabasamu la Eufrasia lilikuwa la mkataba. Kila Jumamosi asubuhi, ndani ya gauni la maua makubwa, aliwaimbia watoto kwenye televisheni wapige mswaki, waombe radhi na wapendane. Jina lake la kazi lilikuwa Shangazi Upendo. Kamera ikizimwa, mwongozaji wake, Edson, alimwita "wewe".

Safari hii somo lilikuwa kugawana chakula. Edson, bingwa wa malezi asiye na mtoto, aliamua warekodi kijijini kwao Eufrasia, nje kidogo ya Shinyanga. Mpango ulikuwa mwepesi: watoto wananyang'anyana sahani, Shangazi anatokea na wimbo, watoto wanajirekebisha. Kipindi kikiharibika, Edson alikwishasema, gauni lile litavaliwa na mwingine. Na Eufrasia hakuwa na kazi nyingine.

Watoto wanne wakakalishwa mkekani, wakawekewa sahani ya michembe, vile viazi vikavu, iliyopikwa na karanga.

"Haya, nyang'anyaneni!" Edson akaamuru.

Hakuna aliyejitikisa. Mageni, binti wa kaka yake Eufrasia, mwenye miaka saba, akamnawisha mdogo wake Loveness, akampa kipande kikubwa, akawagawia wenzake, kisha akapiga magoti mbele ya Edson na sahani mkononi.

"Karibu, baba."

"Kata! Watoto gani hawa hawana kipaji?"

Kweli, kipaji cha kupora hawakuwa nacho hata chembe. Mara ya pili walijitahidi zaidi: wakasukumiana sahani, kila mmoja akimtaka mwenzake aanze.

"Wewe si shangazi yao? Wafundishe!"

Eufrasia akachuchumaa mbele ya Mageni. Alijisikia vibaya, lakini si vibaya kiasi cha kuacha.

"Vuta kwako, mwanangu. Msukume Loveness. Nitakuletea mwanasesere kutoka mjini."

"Bibi atanichapa."

"Bibi nimeshamwambia."

Hakuwa amemwambia. Wiki iliyopita aliimba kuhusu kusema kweli, na wimbo ulipendwa sana.

Mara ya tatu Mageni alivuta sahani kwa nguvu zote. Loveness akaanguka chali, akalia kilio ambacho hakikuhitaji mazoezi. Edson alipiga makofi kwa furaha. Shangazi Upendo akatokea na gauni lake, akaimba beti zote tatu, na Mageni akagawa michembe kama alivyoelekezwa. Kazi safi kabisa.

Mchana, vifaa vikiwa vimeshapakiwa garini, bibi aliwaletea watoto ugali na bakuli moja la maziwa ya mgando. Mageni akalivutia kifuani, akampa Loveness mgongo. Tangu aanze kulea wajukuu, bibi hakuwahi kuona kitu kama hicho.

Aibu ilimpanda Eufrasia hadi masikioni.

"Mageni! Mpe mwenzio!"

Mtoto aliinua macho, akamtazama shangazi yake kwa mshangao wa kweli.

"Lakini shangazi, bado hujaimba."