Kazi ya Naseeb Iliyopitia Mkononi mwa Luka

Mtu akilitaja jina la Luka mbele yangu, nanyanyuka. Naenda jikoni kugonga masufuria mpaka mazungumzo yabadilike. Najua si adabu. Ngoja niwaeleze mume wangu, Naseeb, ni mtu wa aina gani, mtanielewa.

Naseeb ni mtoto wa Tanga, wa Ngamiani, baba yake fundi cherehani. Alisoma kompyuta Dar es Salaam, chuo kimoja na chumba kimoja na huyo Luka. Luka alitangulia Johannesburg, akapata kazi kwenye kampuni ya Sandton, kule kwenye maofisi makubwa. Naseeb akamfuata mwaka 1999, na mimi nikamfuata Naseeb baada ya ndoa. Yeye aliandika programu kwenye ofisi ndogo ya Fordsburg iliyowahudumia wenye maduka, mimi nikawa napika kwenye mgahawa wa mtaa huohuo. Ni mpole kupita kiasi, huyu mwanamume. Akikanyagwa kwenye foleni, yeye ndiye anayesema samahani. Mimi siko hivyo, mnaona wenyewe.

Sasa, waandishi wa programu wana programu yao ya kutunzia kazi. Kila ukibadilisha kitu, inahifadhi cha zamani na cha sasa, na wengi wakiandika pamoja hawafutiani. Ile aliyotumia Naseeb ilikuwa ya bure, inatengenezwa na watu wa dunia nzima wasiojuana kwa sura, wanatumiana marekebisho kwa barua pepe. Haikuwa na picha za kubofya. Ni skrini nyeusi tu, unaandika amri, inatii. Na ilitii vibaya! Amri moja ilikuwa na kazi tatu. Ukiikosea kidogo inafuta ulichofanya tangu asubuhi, haiulizi, haisemi pole. Siku moja, mwaka 2005, ikamfutia Naseeb kazi ya wiki nzima, akarudi nyumbani macho mekundu.

Mwingine angetukana akaachana nayo. Naseeb akasema ataitengeneza. Zile kazi tatu akazitenganisha, kila moja na amri yake. Akaifanya ile ya kufuta iulize kwanza, na itaje mafaili yatakayopotea. Na pale programu inapokataa kitu, badala ya kumwaga maneno ya kitaalamu, imweleze mtu afanye nini. Hizo sentensi aliziandika kwanza kwa Kiswahili, akanisomea mimi, nimekaa nachambua mchele.

"Tabia, ukiambiwa hivi utafanyaje?"

"Nitazima mashine nikimbie."

Anacheka, anaandika upya. Anarudia na kurudia, mpaka niseme, "Haya, hapo sasa nimeelewa." Ndipo anazigeuza kwa Kiingereza. "Kazi hii ni yangu na yako," alikuwa akiniambia, nami nilifurahi, sisemi uongo. Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu kwa kitu kisicho cha jikoni.

Shida ikawa kuituma. Nyumbani hatukuwa na simu ya mezani, na laini ya ofisini kwao ilikuwa ya bosi peke yake. Kulikuwa na duka la intaneti la Gaston, Mkongomani wa Lubumbashi, karibu na kwetu, lakini kule unalipia dakika. Na wale watengenezaji wana maswali! Ukituma wanauliza, unajibu, wanauliza tena, kutwa nzima. Luka ofisini kwake alikuwa kwenye intaneti kutwa. Kwa hiyo Naseeb akaiweka kazi yake kwenye flashi, akampa Luka amtumie.

Na hapa ndipo mazoea yetu sisi watu wa ugenini, wa kutumiana mizigo, yalipotuponza. Tukituma kitu nyumbani, tunampa anayesafiri. Juu ya mfuko tunaandika jina la anayepelekewa tu. La mtumaji haliandikwi, mbebaji atasema kwa mdomo: hii imetoka kwa fulani. Ukiliandika, ni kama unamwambia mbebaji humwamini. Naseeb akafanya vivyo hivyo, hakuandika jina lake popote. Kumbe kwa wale watu, barua isipomtaja mwenye kazi, mwenye kazi ni aliyeituma.

Luka alilijua hilo. Naapa alilijua. Kila Jumamosi alikuja kwetu, "Shemeji, leo kuna nini?", nampakulia wali wa nazi na samaki, anakula mpaka analegeza mkanda. Kisha anatoa maswali ya wale watu, Naseeb anayajibu, yeye anaondoka na majibu. "Wanakusifu sana, kaka," alimwambia mume wangu, hapo kwenye mkeka wangu, mdomo umejaa samaki wangu. Eish! Mtu ana roho ya namna gani?

Mwaka uliofuata ofisi ya Naseeb ikafungwa. Kibali chake cha kazi kilikuwa cha ofisi ile ile, maana yake bila ajira mpya tufunge virago turudi Tanga. Naseeb akasikia kampuni nyingine ya Sandton, si ile ya Luka, inamtafuta mtu aliyezitengeneza zile amri, kwa kuwa wamesikia anaishi Johannesburg hapa hapa. Niliruka kwa furaha! Tukaenda kwa Gaston kuchapisha ushahidi wa kazi. Gaston akafungua tovuti ya ile programu, akasoma, akakuna kichwa.

"Mama, kuya uone. Jina ya bwana yako haiko. Kila fasi iko Luka tu."

"Amesahau kutaja," Naseeb akasema. "Atarekebisha."

Akampigia Luka simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Akaenda kwenye usaili hivyo hivyo, na shati nililolipiga pasi mwenyewe.

Aliporudi alisimama mlangoni, hakuingia. Mama aliyemsaili alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamwambia Luka alishafika kwao, na alishawaonya kwamba kuna rafiki yake, fundi wa kompyuta wa Fordsburg, huenda akaja kudai kazi isiyo yake.

"Amesema rafiki yake," Naseeb akaniambia. "Neno hilo hilo amelitumia."

Nililia kwa hasira mpaka kichwa kikaniuma.

Na Jumamosi Luka akaja! Alikuwa na uso wa kuja! Akakaa, akasema ameajiriwa na kampuni ile, ameruhusiwa kuchagua msaidizi, amemchagua Naseeb, na kampuni itashughulikia kibali. Ila wanataka maneno yaishe, hivyo inatakiwa barua ya Naseeb kwamba kazi ile si yake.

Sikumwacha amalize. Nilimwinua kwenye mkeka wangu. Nilimwita mwizi, nilimwita mnafiki, nikamwambia samaki wangu wote wamtoke puani. Majirani walifungua milango. Naseeb akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi nilikuwa bado nahema.

"Umemwambia hutaki?"

"Nimekubali, Tabia."

"Na hiyo barua?"

"Nilimwandikia tangu Alhamisi. Alinipigia simu mwenyewe, tukazungumza. Leo alikuja kuichukua tu."

"Umeandika ni yake?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote. Tungeishi wapi?"

Kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale nampigania mtu aliyekwisha kujitoa, naye ananitazama tu. Matusi ya Luka nilikuwa nayo tele. Ya Naseeb sikuwa nayo, nikakaa chini.

Kibali kilitoka, chake na changu. Asubuhi ya kwanza ya kazi nilimfungia chakula cha kwenda nacho Sandton, nikamkabidhi mkononi.

"Nenda kazini," nikamwambia. "Lakini ile sehemu yangu ya kazi, ulimpa Luka kwa ruhusa ya nani?"

Alichukua chakula akatoka.