Mti Alioonyeshwa Scola

Nyanjige wa kijiji cha Kasoli hakuwa mwongo. Alikuwa mjane wa mganga, na kwa waganga kumwonyesha mgeni mti mwingine hakuitwi uongo. Marehemu mumewe, Ngassa, alimfunza hivyo: akija mtu asiye wa nyumbani, mchimbie ule unaofanana na mti wa dawa, maana akiujua wenyewe kesho atarudi na gunia.

Basi miaka minne iliyopita, Scola, binti wa kijiji cha Dutwa anayesoma chuo kikuu, alipokuja kuuliza dawa ya maumivu ya viungo, alichimbiwa ule unaofanana. Maskini, alieleza mpaka koo likamkauka. Ndani ya mmea mna vimeng'enya, alisema, ndivyo vinavyotengeneza dawa. Wangechukua vinasaba vyake, wavitie kwenye hamira, nayo hamira itengeneze dawa ile ile ndani ya pipa, mizizi isichimbwe tena. Nyanjige aliitikia kwa heshima zote, moyoni akicheka. Hamira, jamani!

Wenye magunia, wachuuzi wa dawa, walikuja vilevile. Waliutambua mti wa kweli bila kuonyeshwa na mtu, wakaung'oa na mizizi yake yote. Nyumbani ukabaki unga wa mizizi kijiko kimoja, na Kwandu, binti yake Nyanjige, anavimba vidole hata mwiko haushiki. Vidonge vya hospitali vinamchoma tumbo.

Mwezi uliopita Scola alirudi.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu kwa Kisukuma akipiga goti, kama amwamkiaye mama yake. "Hamira imekubali. Ila ilichotengeneza hakitulizi maumivu hata kidogo."

Nyanjige aliona aibu hata akasahau kumpa kiti. "Mwanangu, nilikupa mti ambao sio."

Scola aliletewa kile kijiko cha unga, akaunusa. "Unga wenu mnaukaanga, vinasaba vimeshaungua. Nitafutie jani bichi la ule wenyewe. Moja tu."

Walizunguka vilimani siku mbili. Walikuta mashimo, mengine yameota nyasi, mengine yamelimwa pamba. Siku ya pili Scola alikaa chini akalia.

Waliporudi, Kwandu alikuwa ameketi mlangoni. "Dada Scola, hamira yenu itakuwa tayari lini?"

Scola akatazama pembeni. Ikabidi Nyanjige aseme mwenyewe: "Haitakuwepo. Mimi ndiye niliyeficha mti."

Alimnyooshea bintiye mkono amwinue. Kwandu hakuushika. Alimwomba mgeni ndiye amwinue.