Maji ya Keziah

Mehitabel Prouty alikuwa mkunga wa mji wetu huku Massachusetts, tangu enzi za mfalme wa Uingereza aliyepita, na mikono yake ndiyo iliyowapokea nusu ya watoto wa hapa. Alikuwa na ulimi mkali. Aliingia na kigoda chake cha kuzalia, akawatimua wanaume, kazi ikaanza.

Wa kwake alimzaa mmoja tu, Keziah, na akamzaa Jumapili. Mchungaji Thorndike alishikilia kwamba mtoto huzaliwa siku ileile ya juma mimba yake ilipotungwa. Aliyezaliwa siku ya Bwana, wazazi wake waliivunja siku ya Bwana kitandani. Akakataa kumbatiza.

"Tubuni kwanza mbele ya kanisa."

"Tutubu nini, Mchungaji? Jumapili kutwa tuko kwenye benchi lako tunasikiliza mahubiri. Hiyo nafasi tungeipata wapi?"

Mchungaji hakucheka. Bado wanavutana, homa ikamchukua Keziah, akazikwa chini ya mtufaha nyuma ya nyumba bila hata tone la maji ya ubatizo. Mehitabel aliendelea kuzalisha wake za watu, lakini kila mtoto aliyemfunga nguo alimchoma moyo, akijiuliza wake yuko wapi huko alikokwenda.

Miaka ikapita. Mke wa Mchungaji, aliyekwisha kukata tamaa ya kuzaa, akashikwa na uchungu wakati theluji imefunga njia. Majirani hawakufika, ila Mehitabel peke yake. Mtoto wa kiume alitoka Jumapili mchana, mumewe akiwa kanisani anawahubiria wachache waliofika.

Mama yule aliangalia dirishani, akaliona jua, akaanza kulia.

"Mama Prouty, nakusihi. Mwambie kazaliwa jua likishazama."

Siku ya Bwana kwetu huisha jua likizama. Mehitabel alimfunga mtoto nguo.

Giza lilikwisha kuingia Mchungaji aliporudi, kofia imejaa theluji. Alisimama mlangoni.

"Kazaliwa lini?"

Neno moja tu, na Mchungaji naye angeonja alichomwonjesha mwenzake. Mehitabel alilitamani neno hilo, Mungu amsamehe. Kisha akamtazama mtoto.

"Sasa hivi, Mchungaji. Jua lilikuwa limeshazama."

Jumapili iliyofuata baridi ilikuwa kali hata Mchungaji akavunja barafu kwenye bakuli ndipo akapata maji ya kumbatizia mwanawe. Mehitabel alikaa upande wa wanawake. Watu walipotoka alibaki nyuma, akachovya kitambaa chake katika maji yaliyosalia, akakikunja kiganjani, akaenda zake nyumbani haraka.

Alipofika kwenye mtufaha akainama juu ya kaburi, akakikamua. Hakikutoa kitu. Maji yalikuwa yameganda njiani, kitambaa kimekakamaa kama ubao.

Akakitia kifuani, ndani ya nguo, penye ngozi, akasimama pale kwenye theluji.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema. "Yanayeyuka."